Udongo Uliobakizwa Nyuma

Mwanamke mmoja alikuwa na binti wawili na hakuwa na mahali pa kuwalaza. Jina lake Nietiwe. Mumewe alipokufa, ndugu za mume walikaa kikao siku nne, na siku ya tano wakamwambia kwamba nyumba ni ya ukoo na yeye si wa ukoo. Akarudi mlimani kwao. Kaka yake akampa jiko la nje, akamwambia atakaa humo mpaka vuli, kwa kuwa mvua zikianza mbuzi huingizwa humo. Kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mbuzi kumi na mmoja na mke mwenye macho makali.

Mlimani kwao wanawake hufinyanga vyungu. Chini ya kijiji pana shimo la udongo, na kando ya shimo pana viwanja vya wafinyanzi, ambavyo havirithiwi wala haviuzwi. Mwanamke hupata kiwanja kwa njia moja tu. Hufunzwa na mfinyanzi mmoja kiangazi kizima. Huruhusiwa kupeleka motoni vyungu vitatu, kila kimoja kwa siku yake. Kimoja kikitoka kizima, hujazwa maji na kuwekwa juu ya jiwe kavu mbele ya wanawake wote, tangu jua likiwa utosini mpaka ng'ombe warudipo. Jiwe likibaki kavu, mwanamke huyo ana kiwanja, na hakuna kaka wala shemeji awezaye kumtoa. Vitatu vikishindwa, kiangazi hicho kimekwisha kwake.

Mfinyanzi aliyekubali kumfunza alikuwa Nakadori, dada wa baba yake. Hapo ndipo shaka ilipoanza. Au tuseme shaka ilikuwapo zamani, ikapata tu mahali pa kukaa. Mama yake Nietiwe hakusalimiana na Nakadori kwa miaka kumi na tisa. Sababu ya ugomvi haijulikani tena. Wako wanaosema ni kikapu cha maharage, wako wanaosema ni ngozi ya mbuzi wa msiba. Waliojua wamekufa wote. Sababu ilikufa nao, lakini neno lilibaki, maana mama yake alilisema kitandani siku mbili kabla ya kufa, amemshika Nietiwe kifundo cha mkono.

"Shangazi yako akikupa kitu," alisema, "tazama alichobakiza nyuma."

Nietiwe alilipokea neno hilo kama mtu anavyopokea shuka la marehemu. Hakulifua. Alijifunika nalo vilevile.

Mwezi wa kwanza Nakadori hakumpa udongo. Alimpa vigae. Nyuma ya kibanda chake palikuwa na rundo la vyungu vilivyovunjika, virefu na vifupi, vingine vimeota ukungu, na kazi ya Nietiwe ilikuwa kuvitwanga na kuvisaga juu ya jiwe mpaka viwe chenga ndogo kama ulezi. Asubuhi alisaga, jioni alisaga. Viganja vilipasuka. Mfinyanzi wa jirani, Mama Eliamani, mwanamke mnene asiyeweza kupita bila kusema, alisimama akamtazama.

"Nietiwe, unga huo utaupika lini? Nije na sahani?"

"Muulize mwenye jiwe," Nietiwe alijibu.

"Mimi nilisaga miezi miwili. Ugali wake nautafuna mpaka leo."

Wanawake walicheka. Nietiwe hakucheka. Aliona kwamba wamezoea kumwona mtu akifanya kazi isiyo na maana, na kwamba mzaha wao ni kifuniko. Kwa nini mtu anayetaka kujifunza kujenga apewe vilivyovunjika? Alijijibu mwenyewe: kwa sababu mwenye ujuzi hataki kuutoa. Tangu siku ile aliacha kuuangalia mkono wake, akaanza kuuangalia mkono wa shangazi.

Na mtu akiuangalia mkono wa mwenziwe kwa muda mrefu, ataona mengi. Nietiwe aliona kwamba Nakadori hachukui udongo wote mahali pamoja. Aliona kwamba vyungu vya Nakadori vikikaribia kukauka huingizwa ndani, naye hukaa karibu na mlango na kibakuli cha maji mekundu na kitambaa, akivifuta taratibu. Maji yale aliyadhania ni maji ya kunawia mikono. Aliona pia kwamba nyuma kabisa ya kibanda, chini ya majani ya mgomba, pana bonge moja la udongo ambalo shangazi huligusa mara chache na kulifunika upesi. Hakuuliza. Alijiambia kwamba anayeuliza huonyesha kuwa hajui, na asiyejua hudanganywa. Basi alinyamaza na kuhesabu.

Chungu chake cha kwanza alikifinyanga mwezi wa pili. Alizungusha kamba za udongo, pindi juu ya pindi, akakwangua kwa kipande cha kibuyu, akapiga nakshi shingoni kwa gunzi la hindi. Kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, nakshi yake ililala upande wa kushoto, tofauti na za wengine wote. Chungu kilikuwa kinene huku, chembamba kule. Nakadori alikishika, akakizungusha mara moja, akasema, "Kitaeleza chenyewe." Motoni kilipasuka vipande viwili. Wanawake hawakushangaa, na kutoshangaa kwao kulimuuma Nietiwe kuliko kucheka. Shangazi aliokota vigae vyake vyote, hata vile vidogo, akavitia ndani ya kikapu chenye mfuniko, akaingia nacho ndani.

Hilo lilimkosesha Nietiwe usingizi. Vigae vya watu wote hutupwa rundoni. Vyake vitiwe chini ya mfuniko, kwa nini? Alifikiri yale ambayo mtu hufikiri anapoona kitu chake kikifichwa na mtu ambaye mama yake hakumpenda. Hatuna haja ya kuyataja.

Chungu cha pili, kwa sababu hiyo, alikilinda. Hakukiacha kikauke penye upepo kando ya vyungu vya shangazi, kama alivyoagizwa. Alikipeleka katika jiko la kaka yake, akakifunika kwa gunia nyuma ya kuni, akawaambia binti zake wasimfungulie mtu yeyote mlango. Kilikaa humo siku tisa. Kwa nje kilikauka. Ndani ya kuta kilikuwa na maji bado. Moto ulipoyafikia maji hayo, kitako kiliruka chote. Nakadori alivigusa vigae, akamtazama, akasema, "Kilikaa wapi hiki?"

"Pale pale ulipopasema, shangazi."

Nakadori aliitikia kwa kichwa. Akaokota vigae, akavitia katika kikapu kile kile chenye mfuniko.

Ikabaki nafasi moja. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima kuanzia saa sita mchana, na kaka yake alikuwa amekwisha leta miti ya kutengenezea zizi.  Aliiegemeza tu kwenye ukuta wa jiko, kwa nje, mahali ambapo Nietiwe angeiona kila atokapo. Binti yake mkubwa aliuliza kama mbuzi watalala nao au wao watahama. Nietiwe alimwambia alale.

Asubuhi iliyofuata shangazi alimkandia udongo wa chungu cha tatu kwa mikono yake mwenyewe. Nietiwe alikaa mkabala, macho hayapepesi. Akamwona Nakadori akivuka rundo la chenga za watu wote, akaleta kikapu chenye mfuniko. Alichota humo kiganja kimoja cha chenga, akakimwaga juu ya udongo, akakanda. Kisha akachota kiganja cha pili. Hakuwahi kumwona akitia viwili. Udongo ulikuwa mkavukavu, wenye kukwaruza. Ukiubana ulitoa mlio kama mchanga chini ya kiatu. Nakadori aliukusanya, akaufunga ndani ya jani la mgomba, akaliweka bonge mbele ya Nietiwe.

"Huu ndio wako," alisema. "Uache leo upumzike. Mimi nakwenda gulioni."

Akajitwisha vyungu vyake akaondoka, na Nietiwe akabaki peke yake na neno la mama yake. Alichopewa kilikuwa mbele. Basi alikwenda nyuma kutazama kilichobakizwa. Aliinua majani ya mgomba, akalifungua bonge lile, akatia kidole. Udongo ulikuwa mwekundu, laini kama samli iliyoganda, hauna chenga hata moja. Alisimama pale muda mrefu, na nadhani kwa mara ya kwanza tangu afiwe alijisikia ana furaha, ile furaha kali ya mtu aliyeona kwamba alishuku kweli. Huu mzuri kaufunika. Ule wa mawe ndio kanipa mimi, mtoto wa adui yake, katika nafasi yangu ya mwisho, na viganja viwili juu yake ili nisipone.

Akabadilisha. Bonge laini akalifunga katika jani lake, bonge lenye chenga akaliweka nyuma mahali pa lile laini, akalifunika kama alivyolikuta, hata mkunjo wa jani akaukumbuka.

Chungu kile kilikuwa chungu kizuri kuliko vyote vilivyofinyangwa kiangazi kile. Udongo ulimtii. Kuta zilipanda nyembamba na sawasawa, shingo ikakaa, nakshi ya kushoto ikalala juu yake kama mshono wa fundi. Alipokisugua kwa kokoto kiling'aa. Safari hii alikianika penye upepo, mbele ya watu, maana alitaka kionekane. Siku ya sita aliona ufa mwembamba kama unywele karibu na kitako. Aliulowesha kwa kidole, akaufuta, ukapotea. Hakumwambia mtu.

Siku ya kumi na mbili wanawake walikusanyika uwanjani na kuni zao na nyasi kavu. Kila mmoja alipanga vyungu vyake midomo chini, kuvipasha joto kwanza pembeni ya makaa. Mama Eliamani alikipita chungu cha Nietiwe, akarudi nyuma, akakiinamia.

"Hiki kimetoka mkono gani? Kimeng'aa mpaka najiona kidevu. Umekipaka mara ngapi?"

Nietiwe hakujua anaulizwa nini. Kupaka nini? Aliwaona wanawake watatu wamegeuka kusikiliza. Aliona mtego.

"Mara mbili," alisema.

"Mbili tu? Basi kiganja chako ni siagi."

Nakadori alikuwa amesimama karibu, ameshika chungu kidogo cha kijivu, kisicho na nakshi wala mng'ao, cha kuchotea maji tu. Alikiweka chini mahali pake. Kisha akamjia Nietiwe na kusimama naye kando ya wengine, akasema kwa sauti ya chini, ambayo hakuna mwingine aliyeisikia:

"Mwanangu, chungu hiki umekifinyanga kwa udongo upi?"

Nietiwe alimtazama usoni. Uso wake ulitulia, maana alikuwa ameusubiri wakati huu miezi mitano. Ameona kwamba kitapona, aliwaza. Sasa anatafuta sababu ya kukitoa.

"Kwa ule ulionipa, shangazi."

Nakadori alikaa kimya. Wako wanaosema angemwambia alilolijua. Mimi nami nimewahi kusema hivyo, na sijaondoa neno langu lote: Nakadori alikuwa mchache wa maneno kupita kiasi, na uchache huo nao ulikuwa na sehemu yake katika jambo hili. Lakini aliuliza. Aliuliza kwa upole, kwa siri, kwa wakati, na jibu la kweli lingetosha. Chungu kingetolewa, na nafasi ya tatu isingehesabiwa, kwa kuwa chungu ambacho hakijaingia motoni hakijashindwa.

"Haya," alisema Nakadori, akaenda kuwasha moto wake.

Kuni zilipangwa, nyasi zikafunikwa juu, moto ukapanda. Nietiwe alikaa na binti zake wawili mapajani, akihesabu. Haukupita muda wa mtu kumaliza kikombe cha uji. Ulisikika mlio mmoja, si mkubwa, kama mtu aliyevunja kuni kwa goti. Halafu mwingine. Kisha ikawa kimya, na moto ukaendelea kuwaka kana kwamba haukufanya neno.

Walipoondoa majivu, chungu chake kilikuwa vipande vyembamba, vizuri, vyekundu, vingi visivyohesabika. Wanawake waliinuka mmoja mmoja. Hakuna aliyemcheka. Mama Eliamani alimgusa bega akapita bila kusema, na hapo Nietiwe akajua kwamba kweli yamekwisha. Aliyebaki ni shangazi peke yake. Nakadori alikitoa majivuni kwa kijiti kile chungu kidogo cha kijivu, akakiacha kipoe, akakijaza maji, akakiweka juu ya jiwe kavu. Akaketi upande wa pili wa jiwe. Walikaa hivyo mpaka ng'ombe waliporudi, kila mmoja akilitazama jiwe. Jiwe lilibaki kavu.

Ndipo Nakadori akaingia ndani, akatoka na kikapu chenye mfuniko, akakifunua. Mlikuwa na vumbi, na kigae kimoja kilichosahauliwa. Nietiwe alikitoa. Kilikuwa na nakshi ya gunzi, imelala upande wa kushoto.

Akaelewa taratibu, kama mtu anayesoma barua kwa kufuata kidole. Kiganja cha kwanza kilikuwa chungu chake cha kwanza. Kiganja cha pili kilikuwa chungu chake cha pili. Shangazi alivisaga mwenyewe, hakuviacha vichanganyike na vya watu wengine, maana kigae kilichokwisha pita motoni ndicho kinachoufundisha udongo mbichi kuuvumilia moto, na hakuna kigae kinachomfaa mwanafunzi kama kilichovunjikia mkononi mwake. Ule udongo laini haukuwa udongo wa kufinyangia. Ulikuwa wa kukoroga na maji katika kibakuli na kupaka juu ya chungu, uwe ngozi yake, mwisho wa kazi. Peke yake hauwezi moto. Na ulikuwa umebakizwa nyuma kwa sababu zamu ya kupaka ya Nietiwe ilikuwa haijafika. Ilikuwa ifike na chungu cha tatu.

"Ulijua," Nietiwe alisema. Sauti yake haikuwa ya ukali tena, ila haikuwa imejua bado kuwa ya namna nyingine.

"Nilijua siku ya tatu, nilipokwenda kuchota udongo wa kupaka nikakuta chenga. Nikafinyanga hiki kwa ule wako, usipotee." Nakadori alimwaga maji, akamkabidhi chungu cha kijivu. "Mimi nimekuuliza mara mbili. Wewe umekaa nami miezi mitano. Mbona hukuniuliza hata mara moja?"

Nietiwe alikipokea chungu kwa mikono miwili, na safari hii hakubuni jibu.

Chungu kile hakikumpatia kiwanja, kwa kuwa kilifinyangwa na mkono mwingine, na wanawake wa mlimani hawapindishi jambo hilo hata kwa machozi. Mvua zilianza siku ya nne. Mbuzi waliingia jikoni. Nietiwe aliteremka na binti zake bondeni, kwenye mashamba ya mkonge, wakalala vuli nzima na masika yote katika chumba kimoja cha kambi pamoja na familia nyingine. Alikuwa na chungu kichwani aliposhuka, na chungu kile kilikaa pembeni mwa mlango. Kilikuwa kibaya cha sura, kinakwaruza kiganja. Maji yake yalikuwa baridi kuliko ya mitungi yote ya kambini, na hakikuvuja hata tone. Kila alipowachotea binti zake maji alihisi chini ya vidole chenga za vyungu vyake viwili, na alijua kipi ni kipi, au alidhani anajua.

Masika yalipokatika alipanda mlima. Nakadori alikuwa ameketi mlangoni na kibakuli chake cha maji mekundu. Nietiwe hakusalimu kwanza, jambo ambalo kwetu ni kosa, naye Nakadori alilisamehe. Alisimama na mzigo wake kichwani, akauliza, "Shangazi, hayo maji ni ya nini?"

Nakadori akasogea, akampisha mahali pa kukaa.

Nawe uliyerithi neno la marehemu ukajifunika nalo bila kulifua: yule ambaye umeuchungulia mkono wake miaka yote hii, umewahi kumuuliza?